Kichwa Kilichosukwa Nusu

Mfuniko wa sufuria ulikuwa unagonga. Ti-ti-ti, kimya, ti-ti-ti, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi. Jikoni hapakuonekana kitu. Isenga nzima ilikuwa imeingia katika saa ya giza, ile saa ya jioni ambayo nyumba zote huzima taa ili umeme uende kuvuta maji toka visimani mpaka kwenye matangi. Katika giza hilo mfuniko uligonga kama una haraka.

Milembe alikuwa amekaa mkekani, chanuo ameling'ata mdomoni, na mwanawe Kabula amembana katikati ya magoti. Kidole chake kilikuwa kinatafuta katikati ya kichwa ili agawe nywele. Kusuka gizani hakukumpa shida. Mama yake alimsuka gizani kwa sababu taa hazikuwepo. Yeye anamsuka wa kwake gizani kwa sababu taa zimekwenda kuchota maji. Alipenda kusema kwamba maendeleo ni kurudi pale pale ulipotoka, ila safari hii una sababu nzuri.

"Mama, inaita," Kabula akasema.

"Naisikia. Inamisha kichwa."

"Niongeze mtama?"

"Acha. Itanyamaza yenyewe."

Kuongeza mtama ilikuwa kazi ya Kabula, na aliipenda. Ndani ya sufuria kulikuwa na mtama, na ndani ya mtama kulikuwa na bangili ya mama yake, na kwenye bangili kulikuwa na kengele ya kiapo, kitu kidogo kama punje ya kunde. Kila aliyeapa kuwatibu watu alivaa moja: daktari, muuguzi, mkunga, na mfamasia kama Milembe. Mtu akizidiwa nyumbani, nyumba yenyewe huita, kengele ya aliye karibu hutetemeka, kisha sauti ndogo hutaja nyumba na ugonjwa. Unaacha unachofanya, unakwenda. Ndivyo walivyoapa, mkono mmoja kifuani, mbele ya mji mzima.

Ila mji ulikuwa umeizoea kengele kupita kiasi. Juzi Milembe alikimbia na boksi lake la dawa begani, akamkuta kijana mzima ana kwikwi. Kabla ya hapo aliitwa na bwana mmoja aliyeota kwamba amekufa, na alipoamka akataka mtaalamu amhakikishie. Waapaji wa Isenga wakajifunza ujanja. Jioni, wakiwa wamechoka, wanaizika bangili kwenye sufuria ya nafaka, wanafunika, na kengele inagonga huko huko mpaka ichoke. Hakuna aliyekiri kwamba anafanya hivyo, na hakuna ambaye hakujua kwamba mwenzake anafanya.

Na jioni hiyo Milembe alikuwa na sababu yake. Kesho yake Kabula alikuwa anaanza shule. Baba yake alikuwa mbali, kazini kwenye reli, sare ilikuwa imening'inia mlangoni, na mtoto alikuwa ameahidiwa kichwa kizuri tangu wiki iliyopita. Kila siku ahadi ile ilikatizwa na mtu mwenye mafua. Leo hapana, Milembe alijiambia. Leo mimi ni wa huyu.

Akausuka mstari wa kwanza, ukalala vizuri. Kengele ikanyamaza. Akaanza wa pili, nayo ikaanza tena. Milembe akapandisha sauti yake kidogo, akamsimulia Kabula habari za shule, jinsi mwalimu atakavyoita majina na jinsi ya kuitika, na kila mfuniko ulipogonga aliingiza neno jingine juu yake, kama mtu anayeweka jiwe juu ya karatasi isipeperuke. Upande wa kulia ukaisha. Kabula akaomba maji. Akapapasa mpaka jikoni, na kikombe hakikusikika kikigonga mtungi. Alikuwa amechuchumaa, sikio kwenye sufuria.

"Mama," akasema, "inasema nyumba ya kina Shija."

Milembe akainuka mkekani.

"Inasema mama Shija hapumui vizuri."

*

Nyumba ya kina Shija ilikuwa upande wa pili wa pampu. Milembe alikimbia na boksi la dawa bega moja na Kabula mgongoni, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia, na njia nzima mtoto alikuwa akimshika nywele, naye alikuwa akisema moyoni neno moja tu, jina la yule mwanamke. Nshoma. Nshoma aliyempelekea uji wa ulezi alipojifungua. Nshoma aliyekwenda mizingani kila machweo kurina asali, ambaye nyuki walimuuma mara nyingi hata akawa anawatania, anasema anawadai mahari.

Jioni hiyo nyuki hawakutania. Uso wake ulikuwa umevimba mpaka macho yamefungwa. Koo lilikuwa linatoa sauti ya maji ya mwisho yanayotoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Mumewe, Ngassa, alikuwa amepiga magoti nyuma yake, amemwegemeza kifuani kwake kama kiti. Majirani walikuwa wameshika mishumaa ya nta. Na mlangoni, taa ikiwaka, ikiwa imeelekezwa barabara ya hospitali, ilikuwa imesimama pikipiki.

Milembe alimdunga sindano pajani, ya dawa ile inayofungua koo na kuuamsha moyo. Akaiambia bangili, aliyoichomoa kwenye mtama na bado ilikuwa na punje zimenasa, ilete ndege ya wagonjwa. Ndege zile hazikuwa na rubani, wala hazikuruka kwa neno la mtu yeyote isipokuwa mwapaji aliyemwona mgonjwa kwa macho yake. Ngassa asingeweza kuiita hata angelia mpaka asubuhi. Kisha mapigo ya moyo yakapotea chini ya vidole vyake. Akamlaza Nshoma chini, akakandamiza kifua, akamwonyesha Ngassa jinsi ya kumpulizia pumzi, akadunga sindano ya pili, akakandamiza tena. Hakulia. Mikono yake ilijua kazi yake, na hilo baadaye lilimuuma kuliko yote, kwamba mikono ilikuwa inajua na ilikuwa imekaa inasuka.

Nshoma akavuta pumzi. Ikafuata nyingine. Watu wakashusha mabega.

Walipokuwa wanangoja mlio wa ndege, Ngassa alimweleza kilichotokea, maneno yakimtoka moja moja. Alitaka kumpakia mkewe kwenye pikipiki mara tu alipoona midomo imevimba. Alishawasha. Lakini nyumba ikasema, kwa sauti ile ya kengele ambayo kila mtu aliiamini, "Mfamasia Milembe yuko njiani. Msimwondoe mgonjwa." Kwa hiyo akatulia.

"Nilisema, shemeji Milembe akisema anakuja, anakuja," alisema.

Milembe alikuwa anafunga boksi. Komeo likamshinda, akalifunga tena.

Jirani mmoja, mama mwenye mshumaa, akauinua akamwona Kabula amejibanza ukutani, upande mmoja wa kichwa umesukwa umelala kama shamba lenye matuta, upande mwingine nywele zimesimama. Akaweka mkono mdomoni. "Mtazameni mtoto," akawaambia wenzake. "Mwenzetu kaacha kichwa nusu."

*

Neno hilo lilizunguka Isenga kabla ya jua kupanda. Kaacha kichwa nusu. Kabula alikwenda shule na kitambaa kichwani, mwalimu akakifungua, akataka kucheka, akaambiwa habari yenyewe, akamkumbatia. Dukani kwa Milembe watu walikuja kununua dawa wasizozihitaji ili wapate kumshika mkono. Mtu akichelewa kazini aliulizwa kama yeye hajui kuacha kichwa nusu. Milembe aliitikia, akashukuru, akashika hiki na kile, na usiku aliutazama ule mtama. Alishindwa kuupika, akashindwa kuumwaga.

Kilichomla kilikuwa hiki. Kengele za zamani, mwapaji asipojibu, zilihamia kwa mwingine. Hizi mpya, zilizoletwa masika iliyopita, hazikuhama. Waliozitengeneza walikuwa wamewauliza waapaji wenyewe, na waapaji walikuwa wamekataa mambo mawili. Walikataa kufuatwafuatwa na mashine kila hatua kama mbuzi waliofungwa kamba, na walikataa kulazimishwa kubonyeza kitu, maana anayekimbia mikono yake ina kazi. Wakasikilizwa. Kengele mpya ilijua mtaa wako tu. Hatua zako haikuzijua. Ilipoita na ukanyamaza, ilikuhesabu kwamba unakimbia, na ikaiambia nyumba hivyo. Kwa maneno mengine, iliwaamini.

Kulikuwa na njia moja ya kujitoa. Ukisema "Nashindwa," kengele inamtafuta mwingine papo hapo. Lakini nyumba ya mgonjwa ililisikia neno hilo, kwa sauti yako mwenyewe. Nani angeweza? Kesho utakutana nao kisimani. Isenga mtu hakatai mgonjwa kwa mdomo. Atanyamaza, atachelewa, ataaga, lakini nashindwa hasemi. Kwa hiyo wote wakazika bangili kwenye nafaka, wakajifariji kwamba kengele mpya labda inahama kama ya zamani. Walikuwa wameelezwa. Milembe alikuwa ameelezwa. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyojua kuna shimo nyuma ya nyumba ambalo hajawahi kwenda kulichungulia.

Alimwendea Tungu, muuguzi, rafiki yake wa masomo ya jioni, ambaye walikuwa wakisoma pamoja huku kila mmoja ana mtoto wa kunyonya pajani. Akamwambia kila kitu. Tungu hakushangaa. Alimsikiliza huku akikunja nguo, akamuuliza kama mgonjwa yu hai. Yu hai, Milembe akasema. Basi, Tungu akasema, si ulikwenda? Kuna wangapi hawakwenda kabisa? Kisha akaacha kukunja.

"Ukifunua sufuria yako, mwenzangu, umefunua za kwetu sote. Watachukua bangili, watafunga duka lako. Kesho mtu akiumwa, nani atakwenda?"

Lilikuwa swali la kweli, na Milembe alirudi nalo nyumbani, akakaa nalo kama mgeni asiyeaga.

Kisha Ngassa akaja dukani. Nshoma alikuwa amerudishwa kutoka hospitali. Alikuwa anatembea, anakula, lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa kwa muda, na majina yalikuwa yamemtoka. Alimjua Shija kuwa mwanawe, alimshika na kumnusa, lakini jina halikuja, akawa anamwita "wewe wangu." Madaktari walisema huenda yakarudi, taratibu. Ngassa alichukua dawa, akazitia mfukoni, hakuondoka. Alikuwa amekonda shingo. Alisema mama mkwe amekuja kumchukua binti yake na mjukuu, kwamba kikao ni Jumamosi, na kwamba hawezi kumlaumu.

"Nikuulize kama mtaalamu," akasema, akiitazama meza. "Ningempakia pale mwanzo, angefika salama?"

"Hukukosea kungoja, shemeji," Milembe akajibu.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa uongo. Ngassa akashukuru kwa jinsi mtu anavyoshukuru kwa pole. Alipofika mlangoni aligeuka, akamwambia Mungu akubariki wewe uliyeacha kichwa cha mtoto wako. Milembe aliingia nyuma ya rafu za dawa akakaa chini, akajifunika uso kwa khanga, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

*

Jumamosi alikwenda amemshika Kabula mkono, bangili ikiwa mkononi mwake. Kichwa cha Kabula sasa kilikuwa kimesukwa chote. Mama mkwe wa Ngassa, Bibi Minza, alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na pembeni yake mizigo ilikuwa imeshafungwa. Nshoma alikuwa mkekani, Shija kichwa mapajani mwake. Ndugu wawili watatu walikuwa wameegemea ukuta. Ngassa alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali pa mtu wa kutumwa.

Bibi Minza alimpokea Milembe kwa mikono miwili. Akampa chupa ya asali, asali ya mwisho aliyorina Nshoma. Akamvuta Kabula, akapitisha kiganja juu ya mistari ya kichwa chake, akasema huyu ndiye mwenye kichwa kilichomwokoa binti yangu. Kisha akamgeukia mkwewe, na sauti haikupanda hata kidogo.

"Mwanangu nilimwoza kwa mtu mwenye pikipiki mlangoni. Pikipiki hiyo ulikuwa umeinunua ya kuangalia?"

Mmoja wa ndugu akasema hata kuku akiona kicheche hangoji kuambiwa. Mwingine akacheka kidogo kwa pua. Bibi Minza akasema yeye hana ugomvi, ila mtu aliyekaa na mkewe mikononi akimtazama anazimika, huyo amwachie wengine wamtazame. Gari litafika mchana.

Nshoma alikuwa anawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Alimnyooshea mumewe kidole. Midomo yake ikatafuta. "Huyu," akasema. "Huyu... alinishika." Lakini maneno mengine hayakuja, na mama yake akampapasa mgongo akamwambia apumzike.

Milembe aliiweka chupa ya asali chini. Alikuwa amejiandaa maneno njiani, na sasa yote yalikuwa yamekimbia, kasoro yale mafupi.

"Mama, Ngassa aliambiwa niko njiani. Sikuwa njiani."

Bibi Minza akatabasamu. Alisema mwenye adabu husifiwa akakana, ndivyo alivyolelewa.

"Si adabu, mama. Nilikuwa nyumbani. Kengele ilikuwa kwenye sufuria ya mtama, nimeifunika, naisikia. Ningesema nashindwa, angeitwa mwingine. Nikanyamaza. Huyu alingoja kwa sababu yangu."

Ndugu wa ukutani akasema anamfichia jirani yake aibu, na hilo nalo ni jambo jema, lakini watu wazima hawadanganywi. Mama wa mshumaa, naye alikuwepo, akashuhudia kwamba aliuona mwenyewe upande ule usiosukwa, nywele zimesimama. Mtu aliyekaa nyumbani anasikiliza hawezi kuacha mtoto katika hali ile. Vichwa vikaafiki. Milembe akageuka kwa Ngassa, akitumaini yeye atamwamini, maana ndiye aliyehitaji kuliko wote. Ngassa alitikisa kichwa.

"Usijitwike, shemeji," akasema kwa upole. "Ulishafanya ya kutosha."

Hapo Milembe aliona jinsi ilivyo rahisi. Alikuwa amesema. Hawakutaka. Angeweza kuichukua asali, akaenda zake, na duka lingebaki wazi, na Tungu angelala, na kila atakayemsifu angekuwa amejitakia mwenyewe. Gari lingefika mchana. Shija angepandishwa, na Ngassa angebaki na pikipiki yake mlangoni.

Akamtazama Kabula. Alikuwa amekaa karibu na Shija, wanacheza kuhesabiana vidole. Ni yeye aliyemfundisha mtoto huyu kuitika shuleni jina lake likiitwa. Ni yeye pia aliyemfundisha kuongeza mtama. Hakutaka kumtwika. Lakini alifikiri kwamba siku moja Kabula atakuwa mkubwa, atakumbuka ule mfuniko, na atajiuliza kama ni kitu cha kuficha. Na ni heri akumbuke pia kwamba mama yake alimwomba akitaje mbele ya watu, mchana, bila kumfinya.

"Kabula," akamwita, "njoo."

Kabula akaja, akasimama kati ya magoti ya mama yake, mahali pake pa siku zote. Milembe akamwekea mkono begani.

"Hujafanya kosa lolote. Nami sitakukasirikia. Siku ile mama Shija alipoumwa, kengele iliita. Mwambie bibi, ilipoanza kuita tulikuwa tumefika wapi."

Bibi Minza aliinama ili amsikie. Ngassa akainua uso. Kabula akafikiri, kidole kimoja kikipapasa kichwa chake upande wa kulia, kikifuata njia za misuko kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia aliyoijia. Kisha akasema, kwa sauti ya kutosha, kama alivyofundishwa kuitika:

"Kengele ilipoanza kuita, mama alikuwa hajanisuka hata mstari mmoja."